Moduli ya logging ya Python: tathmini ya mtumiaji wa muda mrefu

Moduli ya logging, inayoandika kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu inapofanya kazi, huja pamoja na lugha ya programu ya Python yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kununua wala cha kupakua, na pengine ndiyo sababu wengi wetu huitumia kwa miaka bila kuifahamu. Nimeitegemea katika programu zinazopokea malipo na kutoa risiti, na hukumu yangu naitoa mapema: kazi yake huifanya kwa uaminifu mkubwa, lakini mipangilio inayokuja nayo ina mitego inayoweza kumpotezea mtumiaji kumbukumbu zake bila onyo lolote. Kwangu mimi kupotea kwa kumbukumbu ni kosa zito kuliko programu kusimama, kwa sababu programu iliyosimama kila mtu huiona siku hiyo hiyo.

Iliingia katika Python 2.3, mwaka 2003, kufuatia PEP 282, pendekezo rasmi la kuiboresha Python lililoandikwa na Vinay Sajip na Trent Mick, na ilijifunza mengi kutoka log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu ya lugha ya Java. Asili hiyo bado inaonekana katika majina kama getLogger na setLevel, ambayo hayafanani na mtindo wa kawaida wa Python wa kutumia herufi ndogo na kistari cha chini. Jambo hilo halijawahi kunisumbua.

Muundo wake ndio ninaousifu zaidi. Ujumbe huanzia kwenye loga, ambayo hupewa jina, kwa kawaida jina la faili la programu lilimoandikwa. Kisha hupelekwa kwa hendla, ambazo ndizo zinazoamua uende kwenye skrini, kwenye faili au kwenye mtandao. Na kila hendla huwa na fomata ya kuupa umbo la mwisho. Filta, yaani vichujio vya ujumbe, zinaweza kuwekwa kwenye loga au kwenye hendla. Viwango vya uzito ni namba tu: DEBUG ni 10, INFO ni 20, WARNING ni 30, ERROR ni 40 na CRITICAL ni 50, na loga ya mzizi, iliyo juu ya loga nyingine zote, huanza na WARNING, ndiyo maana mgeni anayeandika ujumbe wake wa kwanza wa INFO hukaa akiusubiri wala hauoni. Kuna kanuni moja ambayo naona haisisitizwi vya kutosha. Loga isiyopewa kiwango chake huazima cha mzazi wake, yaani loga iliyo juu yake katika ngazi, lakini ujumbe ukishakubaliwa na loga ulipoanzia, hupanda hadi kwa hendla za wazazi wote bila kiwango cha loga hizo za wazazi kuulizwa tena. Kinachoulizwa ni kiwango cha kila hendla. Anayetaka faili moja lipokee makosa pekee, basi aweke kiwango kwenye hendla ya faili hilo, asikiweke kwenye loga ya mzizi akidhani itazuia kila kitu.

Kwa programu fupi ya faili moja, basicConfig, amri ya kuweka mipangilio kwa mstari mmoja, inatosha na sina cha kuilaumu, isipokuwa hili: ikiwa loga ya mzizi tayari ina hendla, amri hiyo haifanyi chochote na haisemi chochote. Aliyeita logging.info moja kwa moja kabla ya kuweka mipangilio atakuwa ameshaiamsha basicConfig bila kujua, na mipangilio anayoiandika mistari michache baadaye haitasomwa. Tangu Python 3.8 kuna kigezo force cha kuondoa hendla za zamani kwanza, na nashauri kitumike, ingawa dawa nzuri zaidi ni kuweka mipangilio kabla ya kuingiza sehemu nyingine yoyote ya programu.

Programu ikikua, njia inayofaa ya kuweka mipangilio ni dictConfig, iliyokuja na Python 2.7 na 3.2. Mipangilio yote huandikwa katika kamusi moja: fomata, filta, hendla na loga, kila kimoja kwa jina lake, pamoja na ufunguo version ambao thamani yake lazima iwe 1. Faida yake ni kwamba mwenzako anayejiunga na kazi leo anaweza kusoma ukurasa mmoja akajua kila ujumbe unaishia wapi. Humo humo, hata hivyo, ndimo ulimo mtego mbaya kuliko yote ninayoijua katika moduli hii. Ufunguo disable_existing_loggers usipoandikwa huchukuliwa kuwa kweli, na maana yake ni kwamba loga zote zilizoundwa kabla ya mipangilio kusomwa huzimwa, isipokuwa zile zilizotajwa kwa jina na watoto wao. Kutaja loga ya mzizi hakuziokoi.

Nilijifunza hilo kwa machungu. Katika mfumo mmoja wa kupokea ada niliousimamia, faili la kuthibitisha malipo lilikuwa likiingizwa juu kabisa, kabla ya mipangilio, na loga yake ikazimwa. Wazazi wa wanafunzi walipoanza kulalamika kwamba wamelipa na risiti hazijafika, tulifungua kumbukumbu tukakuta kila sehemu inazungumza isipokuwa hiyo, tukahitimisha kwamba maombi hayakufika kabisa kwenye seva. Kwa siku mbili tuliwatafuta wakosaji nje, ilhali makosa yalikuwa yakitokea ndani na kuandikwa hewani. Thamani ya disable_existing_loggers imebaki kuwa kweli ili isivunje programu za zamani, na sababu hiyo naielewa, lakini naona gharama yake huangukia watu wasiostahili. Mstari wa kwanza ninaouandika katika kila kamusi, mara baada ya version, ni kuiweka disable_existing_loggers kuwa False.

Kinyume chake, yaani ujumbe mmoja kuonekana mara mbili, ni tatizo dogo na hutokana na hendla kuwekwa kwenye loga ya chini na kwenye mzizi pia. Weka hendla kwenye mzizi pekee, au kama una sababu ya kutofanya hivyo, zima propagate, yaani kupanda kwa ujumbe kwenda kwa wazazi, kwenye loga ya chini.

Suala la saa linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Fomata hutumia saa ya mashine, na seva nyingi za kukodi hufuata UTC, saa ya rejea ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Matokeo yake ni kwamba TimedRotatingFileHandler iliyoambiwa ibadilishe faili usiku wa manane hulibadilisha saa tisa usiku kwetu, na muamala wa saa nane usiku wa Jumanne unakutwa katika faili la Jumatatu. Unaweza kuipa programu saa za Africa/Dar_es_Salaam kupitia kigezo TZ katika mazingira yake, au ukabaki na UTC na kuongeza %z, alama ya tofauti na UTC, katika muundo wa tarehe ili tofauti ionekane kwenye kila mstari. Mimi huchagua ya pili, kwa kuwa kumbukumbu za mashine mbili zikilinganishwa hazibishani. Anayependelea kubadilisha faili kwa ukubwa atumie RotatingFileHandler, akikumbuka kwamba maxBytes (ukomo wa ukubwa) au backupCount (idadi ya faili za zamani zinazotunzwa), kimojawapo kikiachwa sifuri, faili halibadilishwi kamwe na litakua hadi diski ijae.

Hendla hizo mbili zinafaa pale ambapo mchakato mmoja tu ndio unaoandika. Nyuzi nyingi ndani ya mchakato mmoja hazina shida, lakini michakato kadhaa kuandika faili moja ni jambo lisiloungwa mkono, na maelezo rasmi yanalisema waziwazi. Kwa programu ya wavuti yenye wafanyakazi wanne, mimi huandika kwenye mkondo wa kawaida na kuiachia systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux, kazi ya kukusanya. Njia ya foleni, QueueHandler na QueueListener, ambapo jumbe hupangwa foleni na msikilizaji mmoja akaziandika, ipo tangu Python 3.2, ila ni katika 3.12 ndipo dictConfig ilipoanza kuipanga yenyewe.

Watu huniuliza kwa nini nisihamie loguru, maktaba nyingine ya kumbukumbu, ambayo huanza kazi kwa mstari mmoja. Loguru ni nzuri, na kwa mtu mmoja na programu yake naipendekeza. Hata hivyo, maktaba nyingi unazozitegemea huandika kupitia logging, kwa hiyo hata ukihama utalazimika kujenga daraja la kuzipokea jumbe za maktaba hizo.

Liko jambo moja ambalo mwenye kushughulikia fedha za watu hapaswi kuliacha, nalo ni kuficha namba za simu na namba za siri. Filta iliyowekwa kwenye loga hukagua jumbe zilizoanzia kwenye loga hiyo pekee. Zinazopanda kutoka kwa watoto wake haziioni. Nilipoihamishia kwenye hendla nilidhani nimemaliza, kisha nikaona namba kamili ya mteja katika maelezo ya kosa, kwa sababu filta yangu ilisafisha ujumbe wenyewe, na maelezo ya kosa huongezwa baadaye na fomata. Sasa nimeandika fomata yangu fupi inayoita format ya asili, kupokea maandishi yote yakiwa yamekamilika, na kufunika tarakimu za katikati kabla ya kuyarudisha. Ni mistari sita, na kila hendla katika kamusi yangu inaitumia hiyo.