Krispi za majani: sukuma wiki au mchicha?

Kwa krispi za oveni, mimi nachagua sukuma wiki. Jani lake ni nene, kwa hiyo likikauka hukakamaa na kuvunjika kwa mlio mdomoni. Toa uti wa katikati (ukiuacha, utatafuna kamba), kisha chana vipande vikubwa kama kiganja, maana vitanywea. Osha, halafu futa kwa kitambaa hadi pasibaki tone. Majani yenye maji huiva kwa mvuke badala ya kukauka. Kijiko kimoja cha mafuta chatosha trei nzima. Yapake kwa vidole, yapange bila kulaliana, uoke kwa nyuzi 150 kwa dakika 15 hadi 20. Chumvi tia kidogo sana: jani husinyaa, chumvi haisinyai nalo.

Mchicha ni mwembamba na una maji mengi. Unawahi kukauka, lakini ukienda tu kuitikia hodi mlangoni, unarudi umeungua na kuwa mchungu. Hata ukifaulu, unakuwa kama karatasi, hauwezi kuchovywa kwenye chatne. Mimi huuvunjia juu ya wali. Krispi zote mbili hulegea ukizifunika zikiwa moto.