Kuchaji simu safarini: kibandani au pawabenki?

Ukisubiri treni Tabora, pale reli inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, chaji inaisha kabla treni haijaingia.

Kwa usalama, pawabenki, ile betri ya kubeba, inashinda kibanda cha kuchajia. Waya wa USB hupitisha umeme na data pia, kwa hiyo tundu la USB usilolijua linaweza kujaribu kuwasiliana na simu yako. Aprili 2023 ofisi ya Denver ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliwaonya wasafiri kuhusu matundu ya umma ya aina hiyo. Soketi ya ukutani haina hatari hiyo, mradi utumie kichwa cha chaja yako mwenyewe. Simu ikikuuliza kama iruhusu data, kataa.

Lakini kwa vibanda vyetu mimi naogopa zaidi mkono wa mtu: simu zimerundikana mezani, kila moja na kikaratasi cha namba, mwenye duka kageuka kuhudumia mwingine. Ukiiacha bila kuifunga kwa namba ya siri, pesa zako za simu umeziacha hapo. Zima kabisa.

Kwa bei, kibanda kinashinda: unalipa kidogo, unaondoka. Pawabenki ni hela ya mkupuo, na za bei chee nyingi hudanganya ujazo. Nayo inataka kuchajiwa, isianikwe juani, ikivimba itupwe.

Anayepanda treni usiku kwenda Kigoma ananunua pawabenki. Anayesafiri mara moja kwa mwaka, na kibanda ni cha jamaa anayemfahamu, ya nini?