Vifurushi vya kufungulia kituo cha kulelea watoto: fomu nzuri, hesabu mbovu

Vifurushi hivi vinavyouzwa mtandaoni vinafanana mno: kiolezo cha mpango wa biashara, jedwali la hesabu, orodha ya vifaa, dodoso la wazazi na rundo la fomu. Kinachovutia mnunuzi ni mpango. Chenye thamani ni fomu: ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, ya dawa (jina, kipimo, saa, sahihi ya mzazi), ya mzio, ya ajali. Kuzitunga upya kunakula siku kadhaa.

Jedwali ndilo bovu. Linagawa eneo lote la nyumba kwa nafasi ya mtoto mmoja. Chukua mita za mraba 70 na kiwango cha mita 3.5 kwa mtoto, kama Uingereza inavyotaka kwa walio chini ya miaka 2. Jedwali litakupa watoto 20. Lakini jiko, vyoo, korido na stoo havihesabiwi. Zikibaki mita 50 una watoto 14, na ada za watoto 6 ulizozitegemea hazipo.

Kwa walezi ni yale yale. Ikiwa mlezi 1 anashika watoto 3, watoto 14 wanataka walezi 5, na jedwali linaishia hapo. Kituo kikiwa wazi kwa muda wa saa 11 na watoto wote wakikaa kutwa, hizo ni saa 55 za malezi kwa siku. Kwa zamu ya saa 8 unaajiri 7, bado hujaweka mapumziko wala mlezi aliyeugua. Isitoshe, jedwali linadhani kituo kitajaa mwezi wa kwanza. Watoto huingia kidogo kidogo, mishahara haisubiri.

Mpangilio wa hatua nao umegeuzwa: kodi nyumba kwanza, leseni baadaye. Nyumba isiporuhusiwa kwa matumizi hayo, au ikikosa mlango wa pili wa dharura, utalipa pango la jengo lililofungwa. Anza na ofisi ya leseni na zimamoto, kisha weka kwenye mkataba sharti la kujitoa leseni ikikataliwa.

Dodoso linauliza, “Ungependa kituo karibu nawe?” Nani atakataa? Uliza umri wa mtoto, siku, saa, na kama mzazi yuko tayari kutoa amana.

Fomu zikiuzwa peke yake, nunua hizo. Ukitaka kifurushi kizima, hakikisha kwanza kanuni za hesabu zilizomo kwenye jedwali zinaweza kuhaririwa. Zikiwa zimefungwa kwa nywila, achana nacho.