Nimebadilisha turbo na kufunga intakula kwenye VX ya 1HD-T: uzoefu wangu baada ya kilomita 11,000

Gari ni Land Cruiser 80, ile ambayo huku kwetu wote tunaiita VX, ya mwaka 1993. Injini ni 1HD-T: silinda sita, cc 4,164, pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta kupima mafuta. Naishi Iringa na nauza pampu na mabomba ya umwagiliaji. Wateja wangu wengi ni wakulima wa nyanya wa Ilula, kwa hiyo karibu kila mwezi nashuka Dar kufuata mzigo na kurudi na tela nyuma. Anayeijua barabara hiyo ameshaelewa shida yangu. Ukishaiacha mibuyu na wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, mbele yako kuna Kitonga, mlima wenye kona kali.

Turbo, yaani feni inayozungushwa na gesi ya eksozi ili isukume hewa kwenye injini, ya zamani ilikuwa CT26 ya Toyota yenyewe, nayo ilikuwa imechoka. Nilifungua bomba la hewa, nikashika ncha ya shafti kwa vidole viwili na kuitikisa. Mchezo kidogo wa pembeni hauna tatizo, maana shafti ya turbo inaelea kwenye oili. Yangu ilikuwa inacheza mpaka mapezi yanagusa ukuta, na mikwaruzo inaonekana kwa macho. Ndani ya bomba oili imetanda. Mlimani gari lilikuwa linapanda kwa gia ya pili, moshi mweusi nyuma, nami naona aibu mbele ya madereva wa malori ya Zambia.

Ningeweza kuikarabati ile ile kwa bei nafuu. Nilichagua kubadilisha kwa sababu ya jambo ambalo lilinisumbua muda mrefu: 1HD-T haikutoka kiwandani na intakula, kile kifaa cha kupoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Hewa inatoka kwenye turbo inaingia moja kwa moja kwenye injini ikiwa ya moto. Na ni moto kweli. Chukua hewa ya Ruaha Mbuyuni yenye nyuzi 33, ibane mpaka presha iwe mara mbili, inatoka kwenye turbo ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni inayoingia kwenye silinda ni pungufu, dizeli haiungui yote. Hapo ndipo moshi mweusi unapotoka, na joto la eksozi linapanda. Kwenye dizeli ukizidisha mafuta bila hewa ya kutosha hupati nguvu, unapata joto, na joto ndilo linalochoma pistoni.

Nilipouliza turbo gani nichukue, fundi wa kwanza alinishauri ya lori, “kubwa ndiyo ina nguvu, bosi.” Nilikataa na nashukuru nilikataa. Turbo kubwa inahitaji gesi nyingi ya eksozi ndipo izunguke, na mimi sishindani mbio, mimi navuta tela. Nguvu naitaka mapema, injini ikiwa mizunguko 1,600 au 1,800. Nikachukua TD05H-16G ya Mitsubishi, iliyotumika Japani, nikaifungua na kuikagua kabla ya kulipa. Shafti imekaza, mapezi yana kingo kali, hayana kovu. Intakula nilinunua mpya, ile ya mapezi manene, urefu wa kiini sentimita 60, kimo 30, unene sentimita 7 na nusu.

Flanji ya TD05, yaani uso wa kuifungia kwa bolti, hailingani na ya CT26, kwa hiyo ilibidi ikatwe bamba la chuma la kuunganisha, unene milimita 12, likachongwe mashine ili lisipinde likipata moto. Kazi hiyo gereji ya kwanza Dar waliifanya vizuri, sitawanyima haki yao. Intakula walifunga mbele ya kondensa ya AC, nyuma ya sho (wavu wa mbele wa gari), baada ya kusogeza honi na kukata kidogo chuma cha ndani ya bampa. Mabomba ni ya alumini ya inchi mbili na nusu.

Kwenye mabomba ndipo nilipoumia. Bomba la kuunganisha turbo na intakula si la kukata vipande vyenye pembe na kuvichomelea tu. Kila kona kali inaivuruga hewa, na kila chomeleo ni mahali pa kuvuja. Walikata vipande, kona moja ilikuwa na michomeleo minne. Mbaya zaidi, ncha za mabomba walizikata zikiwa laini kama kikombe. Ncha ya bomba la turbo inatakiwa iwe na tuta, mkunjo mdogo unaoizunguka pande zote, ili hosi ya silikoni ikishavalishwa na klipu kukazwa nyuma ya tuta, isiteleze. Niliuliza kuhusu hilo. Nikaambiwa klipu zinatosha.

Safari ya kwanza ya kurudi na mzigo, Mikumi nilipita vizuri. Gari jepesi, mguu ukigusa linaitika, nikampigia mke wangu nilipopumzika kumwambia tumepata gari jipya. Kitonga kona ya tatu, geji ya presha inasoma psi 15, nikasikia mlio kama tairi limepasuka. Gari likalegea palepale, moshi mweusi ukajaa barabarani, lori nyuma yangu likapiga honi. Nikasogea pembeni kadiri nafasi ilivyoruhusu, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu ya gari na ya tela kabla ya kufungua boneti. Hosi ya upande wa moto, ile ya kati ya turbo na intakula, ilikuwa imechomoka nzima, inaning'inia. Nilipoipangusa kwa kitambaa niliona sababu: ndani ina utando wa oili, na bomba halina tuta. Niliirudisha, nikakaza klipu mpaka skrubu ikaanza kuumia, nikapanda taratibu kwa psi 7 hadi Ilula. Mchana ule kwenye mlima, na malori yanapita sentimita chache kutoka mgongoni, sitausahau.

Tatizo la pili lilijitokeza wiki hiyo hiyo: moshi wa buluu gari likiwa limesimama na injini inaunguruma. Nilidhani nimeuziwa turbo mbovu. Nikaogopa sana, kwa sababu 1HD-T za miaka ile zinajulikana kwa kuharibika beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki), na mwenye injini hii kila dalili ya oili inamshtua. (Kama una 1HD-T ambayo hujui historia yake, badilisha beringi hizo kwanza, halafu ndipo ufikirie turbo. Mimi zangu nilibadilisha miaka miwili kabla.)

Nilirudi Dar bila tela, nikaenda Gerezani kwa mzee mmoja anayetengeneza turbo za malori tangu sijazaliwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshainama chini ya gari na tochi. Hakugusa turbo. Alishika bomba la kurudisha oili, lile linalotoka chini ya turbo kwenda kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, akanionyesha kwa kidole. “Mwanangu, oili ya turbo inaingia kwa presha lakini inatoka kwa kudondoka yenyewe. Hapa wamekupindia bomba likapanda kabla ya kushuka. Oili itapandaje mlima?”

Ni hivyo hasa. Oili ikikosa njia ya kushuka inajaa kwenye nyumba ya beringi, inapita kwenye sili, inaingia kwenye eksozi na kwenye bomba la hewa. Turbo ilikuwa nzima. Mzee alitengeneza bomba jipya, pana, linaloshuka bila kona hadi kwenye sampu. Moshi wa buluu uliisha baada ya kilomita kama 40, oili iliyobaki kwenye eksozi ilipokwisha kuungua. Na ule utando ndani ya hosi uliosaidia kuichomoa Kitonga, chanzo chake kilikuwa hapo hapo.

Mabomba yote tuliyatoa. Akanielekeza kwa kijana anayechomelea alumini kwa gesi ya agoni, ambaye alitumia kona zilizopindwa kwa mashine badala ya vipande, na michomeleo ikapungua hadi mitano kwenye mfumo mzima. Ncha zote akazitia tuta. Klipu za kawaida zenye matundu tukazitupa, tukaweka zile za mkanda mpana zinazokazwa kwa bolti. Kabla ya kuwasha, mzee alijaza oili kwenye tundu la turbo kwa sindano ya hospitali, akachomoa waya wa kukatia dizeli kwenye pampu, akazungusha injini kwa stata mara kadhaa bila kuwaka mpaka oili ikaonekana inatoka chini. Hatua hiyo gereji ya kwanza sikuwaona wakiifanya. Turbo ikizunguka kavu hata kwa sekunde chache za mwanzo inaumia.

Mwisho ilikuwa pampu. Juu ya pampu ya 1HD-T kuna diaframu inayosukumwa na hewa ya turbo. Presha ikipanda, pini inashuka na dizeli inaongezeka. Ukifunga turbo na intakula bila kugusa hapo, gari linabadilika kidogo tu. Tuliongeza hatua kwa hatua, tunaenda barabarani, tunaangalia geji ya joto la eksozi ambayo kihisio chake kimefungwa kwenye manifoldi kabla ya turbo, tunarudi. Geji hiyo naihesabu kuwa muhimu kuliko intakula yenyewe. Bila hiyo unakisia, na ukikosea unajua siku pistoni imeyeyuka.

Matokeo, kwa mzigo ule ule na tela lile lile: zamani Kitonga nilipanda kwa gia ya pili, kilomita 25 hadi 30 kwa saa, joto la eksozi linafika nyuzi 720 na naachia mguu. Sasa napanda kwa gia ya tatu, kilomita 45 hadi 50 kwa saa pale malori yanaponiruhusu, psi 15, na sijaona zaidi ya nyuzi 610. Moshi upo kidogo nikikanyaga ghafla, kisha unapotea. Mafuta kutoka Dar hadi Iringa yamepungua lita nne hivi. Usibadilishe turbo kwa ajili ya kuokoa dizeli, pesa hairudi kwa njia hiyo.

Lipo ambalo limekuwa baya zaidi. Intakula inakaa mbele ya kondensa na rejeta, kwa hiyo hewa inayofika nyuma imepungua na imeshapata moto. Mlimani na AC ikiwa imewashwa, mshale wa joto la maji ulikuwa unasogea juu. Nilisafisha rejeta kwa kuifungua kabisa, nikabadilisha oili ya silikoni ndani ya klachi ya feni, na mshale ukatulia, lakini AC kwenye foleni za Kibaha haina baridi ile ya zamani. Na mlio wa turbo unasikika ndani ya gari. Mimi naupenda, mke wangu haupendi.

Gharama zangu: turbo shilingi 1,400,000, intakula 550,000, bamba na mabomba ya kwanza pamoja na ufundi 700,000, hosi na klipu 260,000, geji mbili 340,000, kurekebisha pampu 350,000, oili, gasketi na maji ya rejeta 230,000. Hiyo ni 3,830,000. Kurudia mabomba na njia ya oili kulinigharimu 420,000 juu yake, jumla 4,250,000. Hiyo 420,000 ndiyo inayoniuma, maana swali la tuta nililiuliza mwenyewe, jibu halikuniridhisha, na bado nikawasha gari nikaondoka.

Oili sasa nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kuchelewa, na baada ya mlima nasimama Ilula nikiacha injini iungurume dakika mbili tatu kabla ya kuzima, turbo ipoe oili ikiwa bado inapita. Wiki iliyopita nilikaza klipu zote upya na kupitisha kitambaa cheupe ndani ya hosi ya upande wa moto. Kilitoka kikavu.