Picha 2,140 za harusi na amri moja ya Lightroom

Kosa lilikuwa langu. Harusi ya mchana, bustanini Raskazone, Tanga, nami nikaiacha kamera kwenye A: nachagua tundu la lenzi, yenyewe inachagua kasi ya shata. Sasa kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Bi harusi akijaza fremu na gauni lake jeupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Gauni linatoka rangi ya majivu na uso unazama. Wakija wasimamizi na suti nyeusi, inaongeza, mashati yanaungua, yaani yanakuwa meupe matupu. Jua lilelile, kivuli cha mwarobaini kilekile, lakini nilipozifungua picha kwenye kompyuta zilikuwa zinapanda na kushuka kama taa za jenereta bovu.

Zamani ningekaa nazo moja moja. Katika Lightroom, programu ya kuhariri picha, amri ya Sync haifai kwa kazi hii, maana inabandika namba ileile kila mahali: iliyo giza inapata +0.30, iliyoungua nayo inapata +0.30. Amri ya Auto inahukumu kila picha kivyake, kwa hiyo picha tatu za sekunde moja zinaweza kutoka na weupe wa namna tatu.

Katika Lightroom Classic kuna amri ya tatu ambayo nilikuwa nikiipita tu kwenye menyu ya Settings: Match Total Exposures. Unatengeneza picha moja mpaka uridhike, unaiacha iwe ndiyo uliyoibofya kwanza, unachagua nyingine za mfululizo huo, kisha Ctrl+Alt+Shift+M. Basi.

Raha yake ni kwamba haiangalii picha kabisa. Inasoma kasi ya shata, tundu na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) zilizoandikwa ndani ya faili, inapiga hesabu. Picha yangu ya mfano ilikuwa 1/500, f/2.8, ISO 200, nami nikaiongezea stopu +0.30 (kila stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu ukishuka). Ile ya gauni, kamera ilikimbia hadi 1/1000, yaani nusu ya mwanga; programu ikaipa +1.30. Ya suti ilikuwa 1/250, mwanga mara mbili, ikapewa -0.70. Nikazipanga pembeni kwa pembeni: ngozi ya bi harusi ni ileile kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Picha 310 za bustanini, chini ya dakika moja. Nilicheka peke yangu.

Kicheko kikaniponza. Nikachagua zote 2,140, tangu chumba cha mapambo asubuhi hadi ukumbini usiku, nikabonyeza tena. Chumbani nilipiga 1/125, f/2.8, ISO 1600. Hesabu yake: shata imezidi stopu mbili, ISO imezidi tatu, jumla tano, kwa hiyo -4.70. Chumba kizima kikawa kama kimekatika umeme. Na programu haikukosea, kwani chumbani kweli kulikuwa na giza kuliko bustanini. Mimi ndiye niliyeiambia mwanga ni mmoja. Ctrl+Z iliniokoa.

Tangu hapo nazigawa kwa mwanga kabla ya kugusa chochote, na hapo ndipo muda unapokwenda. Hata bustanini kulipita wingu mara mbili. Kamera, kwa haki kabisa, ikaongeza mwanga. Amri ikauondoa na kuzirudisha picha kwenye giza la wingu. Hizo nilizitenga kundi lake, na picha ya mfano yake. Flashi ndiyo usijaribu: nguvu yake haimo katika hesabu, na mgeni aliye mita mbili hapati mwanga sawa na aliye mita sita. Rangi nayo haiguswi. Picha za njano zinabaki za njano. Na shati lililoungua hadi kupoteza nyuzi, ukilishusha linakuwa la kijivu tu, hata kama ulipiga raw, faili ghafi ya kamera.

Kwa asiyetaka kuilipia Lightroom kila mwezi, nilijaribu pia darktable, ambayo ni ya bure. Sehemu yake ya ekspoja ina hali ya kujiendesha inayosoma histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga) ya faili ya raw na kuisogeza kwenye kiwango ulichoweka. Inafaa pale mandhari haibadiliki, mwanga pekee ndio unaoyumba, kama picha za machweo ulizopiga kwa kuacha kamera juu ya stendi. Kwa gauni jeupe inaingia mtego uleule wa kamera, maana nayo inahesabu weupe uliomo kwenye fremu.

Kwangu, kwa maharusi, Match imelipa ada yake. Za ukumbini bado nilizifanya kwa mkono, hadi adhana ya alfajiri. Harusi iliyofuata niliweka kamera kwenye M, ambapo kila kitu nachagua mwenyewe, bustani nzima, nikapima uso wa bi harusi mara moja, na amri yenyewe sikuwa na haja nayo.