Hearts and Minds: dokumentari ya Vietnam iliyonikosesha usingizi, na mahali iliponiudhi

Nimeitazama hatimaye Hearts and Minds, dokumentari ya Peter Davis ya mwaka 1974 kuhusu vita vya Vietnam. Hukumu yangu naitoa mapema: itazameni, ila msimwachie Davis awafikirie. Filamu hii ina upande wake, haijifanyi refa, na inajua kukupiga pale ulipolegea.

Haina msimulizi. Hakuna ile sauti nzito ya kukueleza mwaka gani kulitokea nini, wala ramani yenye mishale. Davis amewaketisha watu mbele ya kamera wakasema, kisha akayapanga maneno yao apendavyo. Kama hujui Dien Bien Phu (ngome ya Wafaransa huko Vietnam iliyozingirwa ikaanguka) ni nini, au Wafaransa walikuwa wanatafuta nini kule hadi 1954, mwanzo utakuchenga. Soma kidogo kwanza. Utakutana na Georges Bidault, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, akidai kwamba mwenzake wa Marekani, John Foster Dulles, alimwuliza kama wangependa kupewa mabomu mawili ya atomiki. Analisimulia hilo kwa utulivu, kama mtu anayekumbuka dhifa. Nilirudisha nyuma nikasikiliza upya.

Lakini si wakubwa walioninasa. Kuna baba mmoja, mkulima wa Vietnam Kaskazini, nyumba yake imebaki vifusi. Binti yake aliuawa na bomu akiwa analisha nguruwe. Nguruwe wako hai, anasema, mtoto hayupo. Analishika shati la mtoto na kumwambia mpiga picha alichukue, ampelekee Nixon, rais wa Marekani, amtupie usoni. Kuna fundi wa majeneza pia, anaeleza kazi yake huku mikono ikiendelea, na majeneza mengine ni madogo, ya watoto. Hakuna muziki wa kukubembeleza ulie. Unasikia nyundo tu.

Hapa niseme kitu kwa wa rika langu. Sisi Vietnam tuliijua kwenye vibanda vya video. Tulikaa kwenye mabenchi kumwangalia jamaa mmoja mwenye kitambaa kichwani na bunduki isiyoishiwa risasi, DJ akimtafsiria kwa mbwembwe, na Wavietnam wakianguka mafungu kwa mafungu. Tulishangilia. Hakuna aliyeuliza wale walioanguka wanazikwa na nani. Davis anajibu swali ambalo hatukuwahi kuliuliza: kila maiti ina wenyewe. Hiyo ndiyo hoja yake kubwa, na kwangu mimi inazidi takwimu zote. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita ile na majina yao yamechongwa ukutani Washington. Hawa wa majeneza madogo nani amewachonga?

Sasa ile sehemu maarufu. Tuko makaburini, anazikwa askari wa Vietnam Kusini, yaani upande uliokuwa pamoja na Marekani. Mtoto wa kiume amekumbatia picha ya marehemu na kilio hakimtoki vizuri, kinakwama kooni. Mwanamke anataka kuingia kaburini na jeneza, watu wanamvuta. Mara picha inakatwa. Anatokea Jenerali William Westmoreland, mkuu wa majeshi ya Marekani kule kuanzia 1964 hadi 1968, kavaa suti, mandhari tulivu nyuma yake, anasema kwamba mtu wa Mashariki hathamini uhai kama mtu wa Magharibi, kwamba kule uhai ni mwingi na ni rahisi.

Nilinyanyuka nikaenda kunywa maji.

Baadaye nikajiuliza: je, huu si uonevu? Kukata kutoka kaburi hadi mdomo wa jenerali ni kumhukumu kabla hajafunga kinywa. Ni kweli mpangilio ni wa Davis. Lakini maneno ni ya jenerali mwenyewe, na hayakuwa ya kuteleza ulimi: sehemu ile ilirekodiwa mara tatu, na iliyotumika ni ya tatu. Mtu aliyepewa nafasi ya kujirekebisha akarudia yale yale, sioni alivyoonewa.

Ujanja wa Davis nimeukubali zaidi kwa Bobby Muller, mwanajeshi wa zamani ambaye muda mrefu tunamwona kuanzia kifuani kwenda juu, kijana mchangamfu, anaongea vizuri. Kamera inakuja kusogea nyuma filamu ikiwa imekwenda mbali, na hapo ndipo unagundua yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kuna pia rubani anayeeleza ufundi wa kurusha mabomu, raha ya kulenga sawasawa bila kusikia mlio wala kuona damu. Akiulizwa kuhusu napalm, yale mabomu ya mafuta yanayounguza, na watoto wake mwenyewe, sauti inamkatika.

Niliudhika wapi? Kwanza, mpira wa Kimarekani. Tunapelekwa kwenye mechi ya sekondari katika mji mdogo jimboni Ohio, Marekani, kocha anapiga kelele, vijana wanabamizana, tuelewe kwamba taifa zima limelelewa kupenda kushinda. Tumeelewa mara ya kwanza, mzee! Halafu upande wa pili wa vita hauna dhambi hata moja humu. Mauaji ya raia pale Hue mwaka 1968, wakati mji uko mikononi mwa Vietcong, wapiganaji wa msituni wa Kusini waliokuwa upande wa Kaskazini, na jeshi la Kaskazini lenyewe, hayapati nafasi. Na Wavietnam wenyewe, ukitoa wachache akiwemo padri mmoja, wanapewa kulia kuliko kufikiri. Uchambuzi mzito umeachiwa Wamarekani, kama Daniel Ellsberg, aliyevujisha nyaraka za siri za Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, kuhusu vita ile, anaposema kwamba Marekani haikuwa kwenye upande mbaya, bali yenyewe ndiyo upande mbaya. Hilo lingesikika vipi likitoka kwa mtu wa Hanoi, mji mkuu wa Kaskazini, au wa Saigon, mji mkuu wa Kusini?

Kelele zilizoifuata zinatosha kuwa filamu nyingine. Kampuni ya filamu ya Columbia ilikwepa kuisambaza. Walt Rostow, aliyekuwa mshauri wa Rais Johnson na ambaye amehojiwa humo, alipata amri ya muda ya mahakama kuizuia. Kampuni nyingine, Warner, ikaibeba. Tarehe 8 Aprili 1975 ikachukua Oscar, mtayarishaji Bert Schneider akasoma jukwaani salamu kutoka kwa ujumbe wa Vietcong, na baadaye usiku huo huo Frank Sinatra akapanda kusoma tamko la kujitenga na maneno yale. Saigon ilianguka tarehe 30 mwezi huo huo.

Kwa mtakaoitafuta: Wavietnam wanatafsiriwa kwa maandishi ya Kiingereza, Kiswahili hakipo, kwa hiyo kama unatazama na wazazi jiandae kuwa mkalimani. Watoto walale kwanza. Kuna mtu anayepigwa risasi ya kichwa barabarani, watoto walioungua, na askari chumbani na makahaba. Chagua nakala iliyosafishwa, kwa sababu zile chakavu zinazozunguka mtandaoni sauti yake inameza nusu ya mahojiano.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya mpira.