Accu-Chek Instant: kipimo kizuri cha sukari, lakini stripu ndizo za kuangaliwa

Kipimo cha sukari cha Accu-Chek Instant, kinachotengenezwa na kampuni ya Roche, ndicho tunachompimia mama nyumbani, naye ana kisukari cha miaka mingi. Ninakipendekeza kwa familia yoyote yenye mgonjwa, mradi mnunuzi aelewe kwamba kazi kubwa hufanyika kwenye stripu, yaani kipande chembamba kinachopokea damu, si kwenye mashine.

Ukichomeka stripu, mashine hujiwasha yenyewe bila kuhitaji kuingiziwa namba ya msimbo, na alama ya tone huanza kumeta kwenye kioo. Damu haidondoshwi juu ya stripu. Ukingo wake wa njano hugusishwa tone, ukalifyonza. Mikrolita 0.6 zinatosha, na hilo ni afueni kwa mama, ambaye ncha za vidole vyake zimeshakuwa sugu kwa kutobolewa. Ndani ya stripu kuna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mmenyuko wa kikemikali, kinachochukua elektroni kutoka kwenye glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu. Elektroni hizo zikifika kwenye elektrodi, yaani kipitishi cha umeme cha stripu, huzaa mkondo mdogo wa umeme, na kadiri glukosi inavyozidi ndivyo mkondo unavyoongezeka. Mashine huupima na kutoa jibu kabla ya sekunde 4 kwisha, huku mshale ukielekea kwenye rangi inayoonyesha kama sukari iko chini, ndani au juu ya kiwango alichowekewa mgonjwa. Bila miwani mama hasomi tarakimu, lakini rangi anazitambua.

Kimeng'enya hicho hakivumilii joto wala unyevu. Maelekezo yanataka stripu zihifadhiwe kati ya nyuzijoto 4 na 30 za Selsiasi, na Dar es Salaam mwezi wa Februari joto la mchana hupita hapo. Katika duka moja la dawa nilikuta maboksi yamepangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua. Sikuyanunua, na ninawasihi wenye maduka wasiweke stripu mahali kama hapo, kwa sababu mgonjwa wa insulini hupanga dozi yake kwa jibu la stripu hiyo. Nyumbani, kopo lifungwe mara tu stripu inapotolewa.

Kuhusu usahihi, kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinaruhusu majibu yatofautiane na ya maabara kwa hadi asilimia 15 sukari inapofikia milimoli 5.55 kwa lita au zaidi. Kwa hiyo 8.0 ya maabara kusomeka 7.2 nyumbani si ubovu. Lakini aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa anaweza kupata jibu la juu lisilo lake. Anawe kwa sabuni na akauke vizuri.

Kinachoniumiza ni gharama. Mashine hununuliwa mara moja, ila stripu huisha upesi, na za aina nyingine haziingiliani nayo. Kabla ya kulipia, hakikisha duka la karibu nawe huwa nazo wakati wote, kisha soma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kopo.